Mtu wa Sayansi na Kipindi cha Historia



Kuna neno ambalo siku hizi twalisikia sana hapa shuleni, nalo ni hili: "Somo hilo si langu." Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ambaye Kidato cha Tano bado kiko mbali naye kabisa, amekwisha jiita "mtu wa PCB", na kipindi cha historia kikifika hulala juu ya dawati. Mwenzake ajiitaye "mtu wa HGL" husema maabara ina wenyewe. Kila mmoja amejijengea boma lake, na wa boma hili hamsalimu wa boma lile.

Wazazi wetu hapa Mandewa wengi wao wamo upande wa yule wa kwanza, wala hatuwezi kuwalaumu. Ada katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 Kidato cha Tano na cha Sita pia. Lakini sare, madaftari na nauli bado hutoka katika gunia la alizeti au la vitunguu. Mtu aliyeuza gunia lake ana haki ya kuuliza: mtoto huyu atapata kazi gani? Mtoto akijibu kuwa atakuwa daktari, mzee hufurahi. Akijibu kuwa anapenda historia na lugha, mzee hukohoa kidogo, akauliza habari za mvua.

Sasa nataka kuwaeleza habari za binti mmoja wa jirani zetu Kenya, ambaye wengi wetu twamjua kwa miti tu. Bibi Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika wilaya ya Nyeri. Alipomaliza shule ya sekondari alichaguliwa kuwa mmoja wa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani, kwa mpango uliosimamiwa na marehemu Tom Mboya na rafiki zake. Mwaka 1960 akafika Atchison, mji mdogo katika jimbo la Kansas, akaingia chuo cha wanawake kilichoitwa Mount St. Scholastica, chini ya masista Wabenedikto.

Chuo hicho kilikuwa kimoja katika vile vyuo vidogo ambavyo Wamarekani wanavyo vingi. Desturi ya vyuo hivyo ni kwamba mwanafunzi huwa na somo lake kuu, lakini haruhusiwi kujifungia ndani yake. Wa sayansi hupewa pia historia, lugha na falsafa. Wa lugha hupewa sayansi na hesabu. Darasani huwa watu wachache, hata mwalimu humjua kila mmoja kwa jina, na akikaa kimya siku nyingi huulizwa ana nini. Wengi hulala na kula pale pale chuoni, wakiendelea kubishana mezani habari za somo la asubuhi. Waliobuni utaratibu huo waliona kwamba mezani nako ni darasani. (Tusidhani kwamba udogo ni unyonge. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na somo la sheria peke yake, na wanafunzi hawakufika 20.)

Huko Kansas somo kuu la Wangari lilikuwa baiolojia. Pamoja nayo alisoma kemia, na tena akasoma Kijerumani. Bila shaka mtu wa boma letu la PCB angemcheka: msichana wa Nyeri, mwanafunzi wa wanyama na mimea, Kijerumani cha nini? Jibu lilikuja baadaye. Alimaliza chuo mwaka 1964, akaongeza shahada ya pili huko Pittsburgh, akarudi Kenya mwaka 1966. Alipata kazi Chuo Kikuu cha Nairobi katika idara ya mifugo chini ya profesa Mjerumani, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani kuendelea na utafiti. Mwaka 1971 alipata udaktari wake, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hilo.

Lakini Kijerumani ni jambo dogo. Kubwa ni miti. Akina mama wa vijijini walilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji yamepungua, na udongo wachukuliwa na mvua. Baiolojia ilitosha kumwonyesha kwa nini udongo unakwenda. Haikutosha kumwonyesha nani aliukata msitu, kwa faida ya nani, wala jinsi ya kusema na akina mama hata wakubali kulipwa fedha kidogo kwa mche uliostawi. Hayo ni historia, uchumi na lugha. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya Green Belt, na kufikia mwaka 2004, alipopewa tuzo ya Nobel ya Amani, ilikuwa imekwisha panda miti zaidi ya milioni 30. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilipotaka ghorofa 60 zijengwe ndani ya Uhuru Park, alipigana kwa barua. Aliandika huku na huku, akatukanwa sana, na mwishowe ghorofa hazikujengwa. Insha, enyi watu wa sayansi, si kazi ya watu wa HGL peke yao.

Na sisi tunayo mambo ya namna hiyo hapa hapa. Gunia la mkaa lililosimama kando ya barabara limetoka kichaka gani, nani alilipwa, na kichaka hicho kitakuwaje miaka kumi ijayo? Mtu wa PCB peke yake hawezi kulijibu swali hilo lote, wala mtu wa HGL. Mwalimu Nyerere, ambaye wengi hudhani alikuwa mtu wa siasa tu, alifundisha baiolojia Tabora kabla ya kwenda Edinburgh; na mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare.

Basi naomba Chama chetu cha Majadiliano kiweke hoja hii muhula ujao: "Mwanafunzi wa sayansi hana haja ya historia." Wanaounga mkono wawe watu wa HGL watupu, na wanaopinga wawe watu wa PCB watupu. Wazazi nao waalikwe wapige kura, na mkutano uwe Jumamosi mchana ili wapate nafasi ya kurudi shambani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne