Gitaa Linalocheza Ndani ya Kasha

Wanunuzi wengi wa kasha gumu la gitaa hulipima kwa kuligonga. Likilia kama mlango wa mninga, wanalipa. Lakini ugumu wa ganda hauna habari na kile kinachovunja magitaa. Gitaa la boksi ni nadra kutobolewa na kitu cha nje. Huumia pale kasha linaposimama ghafla ilhali chombo kilichomo bado kinakwenda. Mpiga debe akiliangusha kutoka kwenye buti la basi, ganda hutua kwanza, na kama ndani mna nafasi, gitaa nalo hutua kivyake. Panapokatika ni shingoni karibu na kichwa, maana mbao hapo ni nyembamba, na vikazio sita vya chuma vinavuta uzito mwishoni. Nyuzi za chuma zenyewe tayari zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa pamoja. Ndiyo maana nashikilia kwamba kasha gumu lisilolienea gitaa halina sifa ya kulizidi begi la sponji lililolibana vizuri.

Kinachowaponza watu ni kununua kasha kwa jina la umbo badala ya vipimo. Dreadnought, umbo ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kulitengeneza mwaka 1916 na ambalo jina lake ni la manowari ya Uingereza, lina upana wa karibu sentimita 40 sehemu ya chini. Gibson SJ-200 linafika 43, na gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, ni 37 hivi. Liweke la klasiki kwenye kasha la Dreadnought uone linavyoteleza. Hilo la Gibson halitaingia hata ulibembeleze. Kisha kuna magitaa ambayo shingo huungana na mwili kwenye freti ya 12 badala ya 14: mara nyingi mwili wake ni mrefu zaidi, basi kiuno cha gitaa hakikutani na kiuno cha kasha. Chukua futi kamba ya fundi cherehani upime upana wa juu, kiuno, upana wa chini, kina na urefu wa mwili. Gitaa likishalala ndani, egemeo libebe shingo na kichwa kining'inie bila kugusa popote. Mfuniko unaohitaji kukaliwa ndipo ufunge unakandamiza nyuzi na daraja. Funga, inua, tikisa kidogo. Ukisikia "kdu", hilo si lako.

Wapo watakaosema khanga iliyokunjwa inamaliza tatizo. Ubavuni na chini ya shingo inasaidia kweli, ila haiwezi kuongeza nafasi palipobana, na ukiishindilia juu ya ubao wa mbele umejitengenezea tatizo jingine. Hoja ya bei ina uzito zaidi: kulinunulia gitaa la bei ndogo kasha linalogharimu mara mbili ya bei yake ni israfu, na anayelibeba mgongoni mwake mwenyewe anatosheka na begi nene. Kasha ni la siku unayolikabidhi gitaa mikononi mwa watu wengine. Hata hivyo halizuii joto. Ndani ya gari lililofungwa juani gundi hulegea na daraja huanza kubanduka, kasha liwe la bei gani. Na anayeagiza mtandaoni asiridhike na urefu na upana wa kwenye tangazo, kwani mara nyingi ni vya ganda la nje. Amwombe muuzaji aweke tepu ndani, kasha likiwa wazi, na ampigie picha.