SEHEMU YA 4: Chen Jialuo alitoa kisichokuwa chake

Akina mama, tangu juzi nilipogusia jina la Chen Jialuo mmenijia juu. "Nesi, mwache shujaa wetu." "Nesi, wewe rudi kwenye chanjo." Chanjo nitarudi, msijali. Leo naombeni mnisikilize, hata wewe unayenyonyesha na kusoma kwa mkono mmoja.

Kwa asiyemjua: Chen Jialuo ni kiongozi wa Chama cha Ua Jekundu, chama cha siri cha waasi kwenye riwaya ya kwanza ya Jin Yong, yule mwandishi wa Hong Kong aliyefariki 2018. Ilianza kutoka gazetini kidogo kidogo mwaka 1955, na imeshageuzwa filamu na tamthilia mara nyingi, ndiyo maana vijana wetu wanaikuta kwenye simu. Kijana wa familia bora, msomi, anapigana kung fu ukakaa mdomo wazi. Chama chake kinataka kuwaondoa Wamanchu wa ukoo wa Qing ili Wahan wajitawale. Hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Watu wana haki ya kukataa kutawaliwa.

Ugomvi wangu ni namna alivyotaka kulipia huo uhuru, na nani alilipa.

Kwanza lile la mtoto, maana linanihusu kikazi. Kwenye riwaya, mke wa Bwana Chen wa Haining anajifungua mtoto wa kiume. Siku hiyohiyo nyumbani kwa mwana wa mfalme, yule atakayekuja kuitwa Yongzheng, anazaliwa wa kike. Mkubwa anaomba aletewe mtoto wa Chen amwone. Mtoto anapelekwa, anarudishwa kafungwa vizuri kwenye nguo zake, kufungua, ni msichana! Nani atamdai mkubwa? (Sasa mnaelewa kwa nini tunang'ang'ania kitambulisho cha mkononi kabla mtoto hajatoka chumba cha kujifungulia. Mnatuonaga tuna kiherehere.) Yule wa kiume anakua, anakuwa Mfalme Qianlong. Kwa hiyo mfalme na kiongozi wa waasi ni kaka na mdogo wake, tumbo moja.

Hii ni hadithi tu. Qianlong wa kweli alizaliwa 1711, na baba yake tayari alikuwa na mtoto wa kiume hai, Hongshi, aliyezaliwa 1704. Aibe wa jirani wa nini? Wanahistoria waliitupa zamani. Jin Yong mwenyewe ni mzaliwa wa Haining, kayasikia hayo maneno tangu utotoni, na alikiri kwamba si historia.

Ila tuichukue ilivyo. Mpango mzima wa Chen Jialuo umesimama juu ya damu. Chama kinamteka mfalme kule Hangzhou, kinamfungia kwenye mnara, kinamlaza njaa mpaka anakubali: yeye ni Mhan, atawafukuza Wamanchu, atabaki mfalme wa Wahan. Na Chen anaamini! Jamani. Mtu kalelewa ikulu tangu siku ya kwanza, kaitwa mwana na watu wale, kakalia kiti chao, halafu useme ataviacha vyote kwa sababu tumbo ni moja? Mimi damu naijua. Inaniambia huyu ni kundi O na yule ni B. Haijawahi kuniambia mtoto atampenda nani. Hilo linatoka kwa aliyeamka naye usiku, na wewe uliyelea mtoto wa marehemu dada yako hunihitaji nikufundishe.

Sasa tuje kwa Kasili, ambaye wengi mnamwita "yule binti mrembo" na mnapita.

Kasili ni binti wa Kiislamu kutoka jangwa la magharibi, mtoto wa kiongozi wa kabila lake. Wanamwita Binti Manukato. Hajui kupigana. Dada yake mkubwa, Huoqingtong, ndiye jemadari, ndiye anayepanga vita na kulivunja jeshi la Qing. Chen alimpenda huyo dada kwanza, akarudi nyuma, na jangwani anajiuliza mwenyewe kama anamwogopa kwa sababu ana uwezo kupita kiasi. Mabinti zenu wasomeni hapo vizuri. Basi moyo ukahamia kwa mdogo mtu.

Vita vinageuka, Kasili anakamatwa, anapelekwa Beijing kwa mfalme. Anakataa. Anashona nguo zake mwilini kwa uzi na sindano ili mkono wa mtu usipite, na jambia analo. Peke yake, hajui kung fu hata kidogo, anamzuia mfalme wa China! Kisha anakuja mpenzi wake, kiongozi wa mashujaa. Anampeleka kwenye Ukuta Mkuu, na huko anamwomba amkubali mfalme, ili mfalme atimize ahadi yake.

Kasili akalia, akakubali, kwa kuwa anampenda aliyemwomba. Baadaye akagundua mfalme anapanga kuwaangamiza wote. Hakuwa na njia ya kupeleka habari. Akaomba kwenda msikitini, akafia humo kwa mkono wake, akiacha onyo la damu: msimwamini mfalme.

Najua mtasema Chen naye aliumia, alimpoteza ampendaye. Ni kweli, aliumia. Lakini mwili uliowekwa mezani haukuwa wake. Kwenye riwaya ya mwisho ya Jin Yong, iliyokamilika 1972, yumo kiongozi mwingine wa chama cha siri, Chen Jinnan. Huyo naye aliwatumikia wasiomstahili, mpaka mtoto wa bwana wake akamchoma upanga kwa nyuma. Mjinga wa utii, ukitaka. Ila shingo aliyoiweka rehani ilikuwa yake.

Mnauliza kwa nini nawaka kwa watu wa kwenye kitabu. Kwa sababu Ukuta Mkuu naukuta wodini. Binti wa miaka kumi na sita, mimba ya kwanza, presha juu, miguu imevimba. Ukimuuliza nani aliikubali ile ndoa, hajibu, anamtazama shangazi. Shangazi ndiye anayejibu: deni la baba limeisha, kaka zake wamerudi shule, binti mwenyewe alikubali. Ndiyo, alikubali. Aliombwa na watu anaowapenda, wakiwa wameshapiga hesabu.

Mwacheni kijana wako aangalie hiyo tamthilia, mapigano ni mazuri. Ikifika kwenye Ukuta Mkuu kaa naye. Muulize Chen alikuwa na njia gani nyingine. Mimi nina mbili, andika zako hapo chini kwanza.

Mwishoni wanalifungua kaburi, mwili haumo, imebaki harufu ile nzuri. Chen anamtungia maneno ya kaburini, mazuri kweli, kisha anaondoka na wenzake kuelekea magharibi. Huoqingtong kabaki hana mdogo.

Sehemu ya 5 ni kesho baada ya zamu: mtoto mchanga mwenye macho ya njano, lini umlete mbio.