Wakili Wake, Daftari Langu
Jamani shoga, siku ya kudai matunzo ya mwanangu Mahakama ya Watoto, mzazi mwenzangu alitinga na wakili. Mimi? Kaunta buku mkononi, miguu inatetemeka.

Wakili akasema mteja wake hana kitu. Sikuanza kulia nilivyoachwa. Nikasema, “Mheshimiwa, risiti za ada na dawa hizi hapa. Nauli ya daladala haina risiti, nimeiandika kila siku na tarehe.”

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 44, inataka mahakama iangalie kipato cha wazazi wote na gharama za maisha anakoishi mtoto. Sikupewa yote niliyoomba, ila mwanangu anasoma.

Hasira nisimulie mimi, shoga. Hakimu mpelekee hesabu.