Ndege Ina Namba, Babu Zetu Hawana Majina



Usiku wa tarehe 25 Juni, 1943, ndege ya kutupa mabomu aina ya Lancaster, namba W4827, ya kikosi cha 103 cha Jeshi la Anga la Uingereza, iliondoka Elsham Wolds kwenda kuupiga mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani. Ilikuwa na injini nne na watu saba. Haikurudi. Ikiwa njiani kurejea ilipigwa, ikawaka moto, ikaangukia nyumba ya mkulima karibu na Nieuw-Vennep, Uholanzi. Wawili katika wale saba walikufa. Mke wa mkulima naye akafa, ambaye hakuwa na bunduki wala ugomvi na mtu.

Mwongoza njia wa ndege ile, aliyeshika ramani na kumwambia rubani apite wapi, alikuwa mtu mweusi. Jina lake Cy Grant, mzaliwa wa Guyana, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Waingereza. Twataka kila mwanachama alifikirie jambo hili. Kabla ya Oktoba 1939, kanuni za jeshi lile zilitaka afisa awe wa asili ya Ulaya tupu. Haikuwa kwamba mtu mweusi alijaribiwa akashindwa, hakujaribiwa kabisa. Vita ilipowabana, sharti likaondolewa, na mara ikaonekana kwamba akili ya mtu mweusi yatosha kuongoza ndege gizani juu ya Ulaya. Je, akili hiyo ilizaliwa Oktoba 1939? La! Ilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni shida ya mtawala.

Grant aliruka kwa mwavuli, akakamatwa, akakaa kifungoni miaka miwili. Gazeti moja la Ujerumani likatoa picha yake na kusema ni askari ambaye asili yake haijulikani. Vita ilipokwisha akasoma sheria London, akafaulu mwaka 1950, lakini hakupata mawakili wa kumpokea kazini. Akageukia kuigiza na kuimba. Shida ya mtawala ilikwisha, na mlango ukafungwa tena.

Wako watakaouliza: vita ile yatuhusu nini? Yatuhusu. Vijana wetu wa K.A.R. walipelekwa Burma katika vita hiyo hiyo, wakaambiwa wanapigania uhuru wa mataifa, hali makwao hakukuwa na uhuru.

Tena liko jambo zito zaidi. Katika wanahewa wapatao 125,000 wa ndege za mabomu za Uingereza, walikufa 55,573, na majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho wa Lincoln. Hatuwaonei kijicho, aliyekufa astahili jina. Lakini mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba katika vita ya 1914 hadi 1918 watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi.

Hao ndio wapagazi waliobeba risasi na unga vichwani, wakafa kwa njaa, kuhara na malaria. Ndege iliyoungua yajulikana hata leo kwa namba yake, na babu yetu hajulikani hata kwa jina alilopewa na mama yake.

Sisi twasema: radhi tumeisikia, lakini radhi haiandiki jina. Wala tusikae kungoja London ituandikie. Vijiji vyetu bado vina wajukuu waliosikia habari hizi kwa masikio yao. Kila tawi lina daftari la ada. Basi na liwe na daftari la pili. Katibu aende nyumba kwa nyumba, aulize: nani alikwenda, mwaka gani, alichukuliwa kutoka wapi, alirudi au hakurudi. Aandike. Asibague aliyekwenda kwa hiari na aliyefungwa kamba.

Mtu mmoja wa Guyana alithibitisha kwamba twaweza kuongoza njia gizani. Kuandika majina ya wazee wetu mchana kweupe hakutatushinda.