Muuzaji naye ana macho



Wapo wanaosema muuza bunduki wa Marekani asibebeshwe kosa la mnunuzi. Sikubaliani nao. Nina duka la dawa hapa Tanga. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili: mmoja kashika cheti cha daktari, mwenzake ndiye anayemnong'oneza aitake dawa gani, na pesa zinatoka mfukoni mwake. Niliwarudisha. Ukisimama kaunta kutwa unajifunza kuwasoma watu.

Huko Marekani, kandoni mwa mji wa Milwaukee, mwaka 2009, kijana wa miaka 18 aliingia duka la silaha na mwenzake. Kuuziwa bastola pale kulihitaji miaka 21. Yeye alichagua, mwenzake akajaza fomu, tena kwanza akajibu kwamba siye mnunuzi halisi. Jibu likabadilishwa, bastola ikatoka. Mwezi mmoja hivi baadaye ikawajeruhi vibaya polisi wawili; mmoja alipoteza jicho. Mwaka 2015 jopo la wananchi mahakamani liliamua duka liwalipe karibu dola milioni 6.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 inawakinga wauzaji na madai mengi ya aina hii. Imeacha mlango mwembamba tu, mathalani kwa aliyevunja sheria kwa kujua, au aliyempa silaha mtu asiyefaa kuaminiwa nayo. Mimi naomba mlango huo upanuliwe. Muuzaji aliyedanganywa kweli simlaumu hata kidogo. Namsema yule aliyeiona fomu ikibadilishwa mbele yake, kisha akahesabu noti.

Muuza dawa,
Tanga