UCHAMBUZI: Utabiri wa Hali ya Hewa Husomwaje, na Kwa Nini Hubadilika?

Kila mwaka, kabla ya misimu ya Vuli na Masika kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kwa wananchi. Taarifa hizo hutumia maneno yaliyozoeleka: mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Mkulima anayepanga siku ya kupanda na mvuvi anayejiandaa kuingia baharini wanahitaji kufahamu maana ya maneno hayo, kwa kuwa uamuzi wao hugusa chakula na uhai.

Chanzo cha mabadiliko yote ya hali ya hewa ni jua. Miale yake hupasha joto nchi kavu na bahari kwa viwango visivyolingana. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi na kupanda, na mgandamizo wa mahali hapo hupungua. Hewa ya maeneo yenye mgandamizo mkubwa husogea kuelekea huko, na mwendo huo ndio upepo. Kadiri hewa inavyopanda hupoa, mvuke uliomo hugeuka matone na mawingu hujengeka. Mvuke ukiwa haba, au hewa ikishuka badala ya kupanda, mvua hainyeshi hata joto likiwa kali.

Misimu ya Tanzania hufuata kanuni hiyohiyo. Ukanda wa mvua, ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hulifuata jua la utosi linapohama kati ya kaskazini na kusini mwa Ikweta. Pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na Kanda ya Ziwa Victoria hupitiwa na ukanda huo mara mbili kwa mwaka, hivyo hupata Vuli kati ya Oktoba na Disemba na Masika kati ya Machi na Mei. Maeneo ya magharibi, kati, nyanda za juu kusini magharibi na pwani ya kusini hupata msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili.

Bahari mbili, msimu mmoja

Tofauti kati ya mwaka mmoja na mwingine hutokana kwa sehemu kubwa na joto la bahari. El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya juu katika Pasifiki ya kati na mashariki, na mara nyingi huambatana na Vuli yenye mvua nyingi Afrika Mashariki. La Niña, ambayo ni kupoa kwa maji hayo, mara nyingi huleta upungufu wa mvua.

Bahari ya Hindi nayo ina nafasi yake. Upande wake wa magharibi ukiwa na joto kuliko kawaida, na ule wa karibu na Indonesia ukiwa umepoa, mvua huongezeka katika ukanda wa Afrika Mashariki. Mwaka 1997 hali hiyo ilikutana na El Niño, na mafuriko yakawa makubwa. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño yenye nguvu, lakini tofauti ya joto katika Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa sana na mvua za Vuli zilizidi wastani. Kwa hiyo, mwananchi anayesubiri kusikia neno El Niño ndipo achukue tahadhari anaweza kuchelewa.

Uwezekano na athari

Angahewa haitulii. Tofauti ndogo katika hali ya leo hukua na kuwa tofauti kubwa baada ya siku chache. Ndiyo maana utabiri wa saa 24 huweza kutaja mvua ya mkoa fulani, ilhali mwelekeo wa msimu hueleza uwezekano wa jumla tu. Msimu wa mvua juu ya wastani waweza kuwa na majuma ya ukavu yanayokausha mahindi machanga. Msimu wa chini ya wastani nao waweza kuleta mvua kubwa ya siku moja inayobomoa madaraja. Taarifa za msimu hukamilishwa na zile za mwezi, za siku kumi na za kila siku.

Vimbunga vinaonesha jambo hili wazi. Huhitaji maji ya bahari yenye joto la takriban nyuzi 26 au zaidi, pamoja na msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao ni dhaifu karibu na Ikweta. Kwa sababu hiyo ni nadra vikaifikia Tanzania, ingawa Lindi ilikumbwa na kimbunga mwaka 1952. Aprili 2019, wakazi wa Mtwara walitakiwa kujihami dhidi ya kimbunga Kenneth, ambacho kiliingia nchi kavu kusini zaidi, Cabo Delgado nchini Msumbiji, na kusababisha vifo. Umbali huo mdogo haukuifanya tahadhari ya Mtwara kuwa ya bure. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoteza nguvu baada ya kufika Mafia, lakini mvua zake ziliharibu barabara kuu ya kusini wilayani Kilwa.

Joto la dunia linaongeza uzito wa suala hili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi katika kumbukumbu, takriban nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha 1850–1900. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi.

Taarifa ya tahadhari hutaja mambo mawili: uwezekano wa tukio na kiwango cha athari. Uwezekano ukiwa mdogo na athari kubwa, mkazi wa bondeni bado ana sababu ya kuhama mapema, na mvuvi ya kuahirisha safari hadi taarifa inayofuata.