Sumbawanga si Pango la Drow

Mwaka 1978 Gary Gygax aliwaingiza Drow kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons: watu weusi wenye masikio ya ncha, wanaoishi chini ya ardhi, wakatili kwa asili. Tunawalalamikia, na tuna haki. Mwaka 2020 hata wachapishaji wa mchezo walikiri kuwa picha hiyo inafanana na matusi waliyotupiwa watu halisi.

Sasa wewe mwandishi wa Kiswahili, ukitaka mchawi kwenye hadithi yako unamtoa wapi? Sumbawanga! Eti kule radi inatumwa kama meseji. Jamani, huyo Mfipa wako ana tofauti gani na Drow? Na jina lenyewe, wenyeji wanavyolieleza, linasema tupa uchawi.

Kama unataka maajabu ya ardhini, Ufipa yapo. Wafipa walichimba mawe ya chuma wakayayeyusha kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kuna moto, kuna miiko, kuna mafundi wenye siri zao. Riwaya nzima hiyo, bwana!

Mimi nikikutana tena na mganga wa Sumbawanga ukurasa wa kwanza, nafunga kitabu.